Mpeleka Misiba wa Igogo

Sipendi watu wanaoanza habari katikati, kwa hiyo naanza na mtu mwenyewe. Revocatus Luhaga alikuwa mzee wa Igogo, mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata siku zile jua linapochemsha mawe ya Mwanza mpaka mbuzi wanagoma kuyapanda. Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia vijijini na malori yao na mizani yao, ushirika ukaanza kufa, na Revocatus akapunguzwa kazi. Neno tamu hilo, kupunguzwa, utadhani mtu ni nywele.

Lakini watu hawakumjua kwa ukarani. Walimjua kwa misiba. Pale ofisini, habari ya kifo ikifika kwa simu kutoka Sengerema au Magu au Kwimba, wakubwa walikuwa wanatazamana. Hakuna aliyetaka kumwendea mwenzake na kumwambia mama yako hayupo tena. Akatumwa Revocatus mara ya kwanza kwa sababu alikuwa mdogo kwa cheo, na mara zote zilizofuata kwa sababu alikuwa anajua. Hata baada ya kuachishwa kazi watu wa Igogo na Mabatini waliendelea kumfuata nyumbani kwake. "Mzee, kuna neno, tusaidie kulifikisha." Naye akachukua koti.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja. Kwanza, hakwenda kwa mfiwa. Alikwenda kwa mtu wa karibu naye, dada, shemeji, jirani wa kuaminika, akamwambia yule. Yule ndiye aliyetangulia kwenye nyumba, kama mtu aliyepita tu kusalimia. Kisha Revocatus akaingia. Akaulizia watoto, akaulizia mvua, akaomba maji ya kunywa, vikombe viwili. Kimoja akanywa yeye. Kingine akamsogezea mwenye nyumba, "Na wewe kunywa." Alisema mtu mwenye koo kavu hawezi kulia. Mfiwa akishameza, na yule wa karibu ameshakaa ubavuni kwake, ndipo mzee alipolisema neno lenyewe kwa sauti ya kawaida, bila kulizungusha.

Kuna waliomkwepa barabarani, sikatai. Mama mmoja wa Mabatini alimwona anapanda kwenye mawe kuelekea kwake, akafunga mlango na kuanza kupiga mayowe kabisa, kumbe mzee wa watu alikuwa anamtafuta fundi redio.

Mimi mwenyewe nilimcheka. Sisi Waislamu tunazika upesi, hatuna nafasi ya mizunguko hiyo yote. Nikawa namwambia, "Mzee, wewe habari ya asubuhi unaifikisha jioni." Mpaka baba yangu alipofia Ukerewe kwenye safari zake za biashara. Niliona shangazi yangu Safia ameingia dukani, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, hana anachonunua. Dakika chache baadaye likaingia koti la kijivu. Akaniuliza biashara. Akaniuliza mtoto. Akaomba maji. Nilimwona anasogeza kikombe cha pili kwangu, na nilikunywa, na hadi leo nikimkumbuka baba sikumbuki mshtuko, nakumbuka mkono wa shangazi kwenye mgongo wangu. Tangu siku ile sikumcheka tena.

Duka langu lilikuwa Mabatini, la kupiga chapa barua na kutoa fotokopi. Mwaka tisini na saba kaka yangu akaniletea kompyuta kutoka Dar, na modemu, na maelekezo. Kila siku mchana nilipiga simu Dar kwa ile modemu, inakwaruza na kulia, barua zilizoandikwa zinatoka, zilizokuja zinaingia, nakata haraka kabla simu haijanifilisi. Watu waliziita barua za umeme. Wengi waliokuja walikuwa na ndugu nje. Mzee Revocatus alikuja kwa ajili ya binti yake.

Suzana alikuwa mtoto wake wa pekee. Yeye na mkewe Rose walimpata wakiwa watu wazima, wakamlea kwa woga na majivuno. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma mambo ya samaki Uholanzi, katika mji mdogo ambao Mzee Revocatus hakuweza kulitamka jina lake, akasema tu "kule kwa Suzana." Kusoma samaki, mtoto aliyezaliwa ziwani! Tulimtania sana. Minofu ya sangara ilikuwa inapanda ndege kila siku pale uwanja wa Ilemela kwenda hukohuko Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na miiba ya kukaanga. Mzee akasema labda Suzana ataifuata minofu aone inakoishia.

Suzana ndiye aliyemwonyesha baba yake Mwaloni. Huo ulikuwa ubao wa habari wa barua za umeme, wa watu wa kanda ya ziwa walio nje. Uliitwa hivyo kwa sababu mwaloni ndiko mitumbwi inakofikia, na ndiko maneno yanakofikia pia. Mwenye ubao alikuwa Ndalahwa, kijana wa Magu aliyekuwa mhandisi Uingereza. Unaandika barua yako, unamtumia, anaisoma, na mara moja kwa siku anazibandika zote pamoja, kisha kila mwanachama anazipata kwenye sanduku lake. Mtu wa Kanada anauliza swali Jumatatu, wa Japani anajibu Jumatano, wa Mwanza anawasahihisha wote wawili Ijumaa. Hakuna aliyelalamika.

Mzee Revocatus akawa sauti ya Mwanza humo. Aliandika kwa vidole viwili, polepole, anaanza na salamu ndefu: wazee, watoto, ng'ombe, mvua. Aliandika bei ya dagaa, kiwanda kipi kimeuzwa na kwa nani, daraja gani limechukuliwa na maji, kundi lipi la ngoma limewashinda wenzake msimu ule. Na aliandika misiba. Kila mtu aliye mbali anaogopa jambo hilohilo, kwamba kuna kitu kimetokea nyumbani na yeye hajui. Niliwaona watu wazima, wenye shahada zao, wanaandika kumshukuru kama watoto.

Msiba wa kwanza aliousafirisha kwa njia hiyo ulikuwa wa baba yake Ndalahwa mwenyewe. Mzee hakuuweka ubaoni. Alitafuta kwanza kwenye barua za nyuma nani anaishi karibu na Ndalahwa, akampata Msukuma mmoja wa Shinyanga na mkewe, akawaandikia wao peke yao. Wale wakapika, wakafunga chakula kwenye gari, wakaendesha mpaka kwake, wakamsalimia, wakamnywesha maji kama walivyoagizwa. Wiki iliyofuata Ndalahwa aliandika barua ambayo ilinitoa machozi dukani kwangu. Akaweka sheria: kifo hakibandikwi Mwaloni mpaka Mzee Revocatus aseme mfiwa ameshafikiwa na mtu wa kumshika mkono.

Ikawa hivyo. Kila mji mzee alikuwa na mtu wake. Kwa upande wa Uholanzi alikuwa Sabina, dada wa Bukoba aliyeolewa huko, mitaa miwili kutoka kwa Suzana. Sabina alimpelekea mwanafunzi mmoja wa Musoma habari ya kaka yake, akalala naye siku mbili. Mzee alimsifu. Akaniambia, "Huyu Mhaya ana mkono." Kutoka kwake hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Halafu wakaja na kuchati.

Ilikuwa mwanzoni mwa tisini na tisa. Laini ya intaneti ilikuwa imeshafika Mwanza yenyewe, sikuhitaji tena kupiga simu Dar, na pale mjini karibu na posta kulifunguliwa kafe yenye kompyuta nyingi na viti vya kuzunguka. Ndalahwa akaandika kwamba ubao umepitwa na wakati. Watu hawawezi kungoja siku tatu kujibiwa. Sasa Mwaloni utakuwa na chumba cha maongezi, kila Jumamosi saa kumi za huku kwetu, wote tunaingia kwa pamoja, unaandika na wote wanaona hapohapo. Hakuna wa kusoma kwanza wala wa kubandika. "Itakuwa kama tumekaa kibarazani," aliandika. Huyohuyo aliyenyweshwa maji.

Jumamosi ya kwanza nilimkalisha mzee mbele ya mashine. Akaanza: "Ndugu zangu wana Mwaloni popote mlipo, natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima wa afya." Kabla hajafika kwenye afya, maneno yalikuwa yanapanda kwenye kioo na kupotea juu. Simba na Yanga. Nani kaoa mzungu. Majina ya kujibandika: Chui, Malkia wa Nyegezi, Mkali wa Igogo. Alipomaliza salamu zake na kuzituma, mtu akaandika, "Mzee Salamu kaingia!" na kumi wengine wakacheka kwa maandishi, ha ha ha, mstari mzima. Suzana naye alikuwamo. Aliandika, "Muacheni baba yangu," lakini na yeye alikuwa anacheka.

"Wanaongea na nani?" mzee akaniuliza.

"Wanaongea wao kwa wao, Mzee."

"Mbona hakuna anayesikiliza?"

Mzee alisimama, akavaa kofia, akarudi kwenye ubao wake. Aliendelea kuandika barua ndefu kila wiki na Ndalahwa aliendelea kuzibandika, mwanzoni kila wiki, baadaye akikumbuka. Majibu yakapungua, kisha yakakoma. Watu walewale waliomwambia yeye ndiye macho yao ya nyumbani. Niliona uchungu wake na nikawachukia kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuchukia.

Mwezi wa tisa mwaka huo Mama Suzana akaanguka jikoni kwake Igogo. Presha. Walimfikisha hospitali Alhamisi asubuhi na kabla ya adhuhuri Rose alikuwa amekufa.

Mzee alikuja dukani mchana uleule, na koti. Nikasimama kumpa pole, akanizuia kwa mkono. "Baadaye, binti yangu. Kwanza tumfikie Suzana." Akakaa, akaandika barua kwa Sabina peke yake. Aliandika taratibu na hakukosea neno. Alimwomba aende kwa Suzana, akae naye, amnyweshe maji, amwambie, asimwache, kisha amsaidie kupata ndege. Maiti ingebaki mochwari mpaka Suzana afike, mama hazikwi mtoto wake wa pekee hayupo. Akatuma. Ndipo akanigeukia akasema, "Haya, sasa nipe pole."

Ijumaa asubuhi alikuja, hakuna jibu. Ijumaa jioni, hakuna. Zamani Sabina alikuwa anajibu siku hiyohiyo. Nilijua kilichotokea, na sikuona haya kumwambia.

"Mzee, watu hawafungui tena hayo masanduku yao. Wameshahamia kwenye kuchati. Mpigie Suzana simu. Ya Sabina hatuna, lakini namba ya bweni unayo."

"Ninayo."

"Basi tupige sasa hivi, kwa simu yangu."

"Simu iko kwenye korido, Mwanaheri. Suzana aliniambia. Atakuwa amesimama kwenye korido, ameshika waya, wazungu wanapita na taulo zao. Nikishasema, nani atamshika?"

"Atajishika mwenyewe! Ni mtu mzima."

"Sijawahi kumwona mtu aliyejishika mwenyewe," akasema. "Na habari kama hizi nimewapelekea wengi."

Nilikasirika. Nilitaka kumchukua kwa lile koti lake na kumtikisa. Mke wake yuko mochwari, turubai limeshafungwa uani, wanaume wamekaa kwenye mabenchi na wanauliza kila saa kama Suzana ameshapata habari, na yeye anawajibu, "Iko njiani." Lakini nilikumbuka mkono wa shangazi mgongoni kwangu, na sikuweza kusema kwamba amekosea. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alikuwa sahihi, ila watu aliowategemea walikuwa wameshahama.

Jumamosi akafika kabla ya saa kumi. Alikuwa ameamua. "Nitaingia humo kwenye chumba chao," akasema. "Sabina lazima atakuwamo. Nitamwita pembeni."

Nikamweleza kwamba pembeni kupo, kuna mahali unaweza kumwandikia mtu mmoja tu wengine wasione, ila sikuwa na uhakika wa kubonyeza wapi. Mimi nilikuwa mtu wa barua, kama yeye. Tukaingia. Majina yakajipanga upande wa kulia wa kioo, na nikayasoma kwa sauti: Ndalahwa, Chui, Malkia wa Nyegezi, Sabina. Alikuwamo. Mzee akashusha pumzi. Chini kidogo ya Sabina likatokea jina la Suzana.

Na Suzana alimwona.

"Shikamoo babaaa! Leo umekuja kuchati na sisi? Mama hajambo?"

Mzee alitazama maneno yale. Mikono yake ilikuwa juu ya vitufe na haikugusa kitu. Maswali kama hayo alikuwa ameulizwa na wafiwa maisha yake yote, mlangoni, kabla ya maji, na siku zote alikuwa na la kusema, kwa sababu siku zote kulikuwa na mtu wa pili chumbani. Mwishowe akaandika, herufi moja moja: "Marahaba mwanangu. Habari za masomo." Akatuma. Kisha akaniambia kwa haraka ambayo sikuwahi kumwona nayo, "Mtafute Sabina. Nionyeshe hapo pembeni ni wapi."

Nilikuwa natafuta. Wallahi nilikuwa natafuta. Nilibonyeza jina la Sabina, kikafunguka kijidirisha, nikamwambia andika hapa. Akaanza. "Sabina mwanangu, tafadhali nenda." Kwenye kioo kikubwa nyuma ya kidirisha maneno ya wengine yaliendelea kupanda, mtu anauliza tiketi za ndege za Krismasi, mwingine anabishana kuhusu mpira. Halafu ukaja mstari wa Mkali wa Igogo.

Mkali wa Igogo alikuwa Alexander, kijana mwenye kazi katika kiwanda kimoja cha minofu, nyumba yake ipo nyuma ya ile ya Mzee Revocatus. Asubuhi ile alikuwa msibani, amebeba kuni na kupanga mabenchi, jasho linamtoka. Mchana akaoga, akaenda zake kwenye kafe ya posta kama kila Jumamosi. Akaingia chumbani, akaliona jina la mzee.

Aliandika: "Mzee Revo pole sana na msiba wa Mama Suzana. Mungu amlaze pema. Tuko pamoja."

Nilimchukia Alexander mwaka mzima na bado sijamaliza. Lakini nikitaka kusema kweli, alifanya alichofundishwa na mama yake: ukikutana na mfiwa, unampa pole, humpiti kimya kama mnyama. Kama angekutana na mzee njiani asingekosea kitu. Alidhani wamekutana njiani. Hakutazama nani mwingine amesimama hapo, au alitazama akadhani, kama wote walivyodhani, kwamba mtoto wa marehemu lazima ameshajua. Siku mbili zimepita. Nani asingekuwa ameshajua?

Zikamiminika. "Pole mzee." "Poleni sana." "Jamani lini?" "Pole Mzee Salamu." Katikati yake mtu ambaye hakuwa amesoma juu akaandika, "Yanga wamepigwa tena ha ha ha." Kisha pole nyingine tano.

"Msiba gani?" Suzana akaandika.

Hakuna aliyemjibu, au waliokuwa wanamjibu walikuwa bado wanaandika.

"Baba msiba gani?"

"Baba."

Mzee Revocatus hakuwa anatazama tena kioo kikubwa. Alikuwa ameinamia vitufe, vidole viwili, anamalizia barua yake kwa Sabina. Nilimwita, hakuinua kichwa. Kompyuta ikaandika kwamba Suzana ametoka. Mzee akaandika mpaka mwisho, nenda kwa Suzana, kaa naye, mnyweshe maji, usimwache peke yake, akaweka nukta, akatuma. Ndipo akainua macho akasoma kilichokuwa kimeandikwa, kutoka chini kwenda juu, na nikaona anafika kwenye mstari wa Alexander.

Tulipiga simu ya bweni. Ililia kule koridoni mpaka ikakatika. Tukapiga tena. Sabina aliandika kwamba anakimbia sasa hivi, na alikimbia kweli, simlaumu kwa miguu yake. Alimkuta Suzana hayupo. Alimpata baadaye sana kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo, amekaa sakafuni mbele ya mashine inayozunguka nguo za mtu mwingine. Alikuwa amekaa hapo peke yake muda wote huo. Hakuwa amelia. Sabina alimletea maji, akayakataa.

Ndalahwa akaandika barua ndefu ya kuomba radhi na kuibandika kwenye ule ubao alioutupa. Sikumpa mzee. Niliisoma nikaifuta.

Jumatano Suzana akatua uwanja wa Ilemela. Mzee alikuwa ameagiza mambo yote. Shangazi wawili wakatangulia chumbani kwa marehemu, wakakaa kitandani, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mimi aliniomba niwepo. Pale mezani aliweka vikombe viwili vya maji, amevifunika kwa visahani. Nilipoona vile vikombe nilitoka nje kidogo nikajifuta uso, nikarudi.

Suzana aliingia na begi lake begani. Alikuwa amekonda. Akatoa shikamoo kwa shangazi zake, akatoa shikamoo kwangu, akapiga goti kidogo mbele ya baba yake kama alivyolelewa. Mzee akamwitikia. Akamuuliza safari. Akamuuliza baridi ya kule. Akamwonyesha ile nafasi kati ya shangazi zake, akae. Suzana hakukaa.

"Mwanangu," mzee akasema, na akafunua vikombe, akanywa chake, akamsogezea cha pili. "Na wewe kunywa."

"Baba, usiseme."

"Kunywa kwanza."

"Nimeshaambiwa, baba. Niliambiwa na Mkali wa Igogo. Hata jina lake halisi silijui."

"Hujasikia kwangu."

"Ijumaa nilikwenda sokoni," Suzana akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, afadhali angepiga kelele. "Nikamnunulia mama kitambaa. Cha bluu. Nilikuwa namchagulia rangi, na Igogo yote inajua, na wewe unajua. Watoto wa watu wote umewafikia. Wa Musoma umemfikia. Mimi ulikuwa unamngoja nani?"

Mzee alifungua kinywa. Alikuwa na jibu, nilikuwa nalijua, alikuwa anangoja mtu wa kumshika mkono. Lilikuwa jibu la kweli na lilikuwa halifai tena kwa lolote. Akafunga kinywa.

Suzana aliweka begi chini, akafungua zipu, akatoa kile kitambaa cha bluu kikiwa bado kimekunjwa kwenye karatasi yake ya sokoni. Akatoka nacho kwenda uani kwa wanawake, na tulisikia wanampokea kwa kilio. Shangazi zake wakainuka wakamfuata. Ile nafasi katikati ya kitanda ikabaki imebonyea pande zote mbili.

Mimi nilibaki mlangoni. Mzee Revocatus alikitazama kikombe cha pili, kile cha mfiwa. Kisha akakichukua kwa mikono miwili, akaniangalia kama mtu anayengoja kuambiwa, akanywa maji yote.